Damu Inaporudi Moyoni: Kudhurika kwa Msuli wa Moyo na Tiba Yake

Katika jarida letu tumezoea kusoma juu ya viambishi, methali, riwaya na lahaja. Leo naomba nafasi kwa ajili ya moyo. Si ule moyo wa washairi, bali msuli wenye ukubwa wa ngumi unaopiga kifuani. Mimi si daktari. Ni mwanafunzi wa tafsiri, na kazi yangu ya kumaliza masomo inahusu istilahi za tiba katika Kiswahili. Katika kuzikusanya nilikutana na jambo ambalo msikilizaji wa mara ya kwanza hulikataa: moyo ulionyimwa damu huharibika, na damu ileile ikirudishwa ili kuuokoa, sehemu nyingine ya moyo huharibika pia. Madaktari wetu, ambao wengi wamesomea kwa Kifaransa, huliita jambo hilo lésions de reperfusion. Katika Kiswahili bado halijapata jina lililokubaliwa na wote.

Nitaeleza kwanza jambo lenyewe, kisha tiba zilizojaribiwa na ile iliyothibitika, na mwishoni nitauliza swali linalotuhusu sisi watu wa lugha: tuliite nini? Swali hilo si pambo. Jina baya linaweza kumfanya mgonjwa aiogope tiba inayomwokoa.

Moyo nao hula

Moyo hupiga mara 100,000 hivi kwa siku. Damu yote ya mwili hupita ndani ya vyumba vyake vinne, lakini msuli wenyewe haujilishi humo, isipokuwa tabaka jembamba sana la ndani. Ni kama mama anayewauzia watu chakula sokoni kutwa nzima, huku sahani yake mwenyewe ikiletwa kutoka nyumbani. Sahani ya moyo huletwa na mishipa miwili, wa kulia na wa kushoto, inayochipuka kwenye mshipa mkuu wa damu pale tu unapotoka moyoni. Ule wa kushoto hugawanyika upesi katika matawi mawili makubwa. Upana wa mishipa hii ni wa milimita chache tu.

Kwa miaka mingi mafuta hujikusanya ndani ya kuta za mishipa hiyo. Tumbaku, kisukari, shinikizo la damu na kolesteroli nyingi huharakisha kazi hiyo. Siku moja utando unaofunika mafuta hupasuka. Mwili hudhani kuna jeraha, nao hugandisha damu mahali hapo, kama unavyofanya kidole kinapokatwa na kisu. Bonge la damu hukua, njia huziba, na msuli ulio mbele ya kizuizi hubaki bila oksijeni.

Hapa kuna jambo la kushika vizuri: msuli huo huacha kukaza karibu mara moja, lakini haufi mara moja. Nchini Marekani, Robert Jennings na wenzake walichunguza mioyo ya mbwa kwa kufunga mshipa kwa muda fulani na kuufungua tena. Mshipa ukifungwa kwa dakika 15, msuli uliweza kupona. Kuanzia dakika 20 hivi, seli za kwanza zilianza kufa. Mwaka 1977 Reimer na Jennings walionyesha kwamba kifo hicho husafiri kama wimbi: huanzia tabaka la ndani la ukuta wa moyo na kuelekea nje kwa muda wa saa kadhaa. Kwa hiyo kila dakika ina nyama yake. Anayeufungua mshipa mapema huokoa msuli ambao wimbi halijaufikia.

Kinachotokea damu inaporudi

Hapa kwetu Lubumbashi tunaijua desturi ya nyumbani umeme unapokatika. Kabla haujarudi, mtu huchomoa friji na televisheni, maana umeme unaweza kurudi kwa kishindo na kuunguza vyombo. Mfano huu unatusaidia kuelewa, ingawa una mpaka wake, nami nitauonyesha mpaka huo baadaye.

Seli isiyo na oksijeni hujaribu kuishi kwa njia ya akiba: huvunja sukari bila oksijeni. Njia hiyo hutoa nishati kidogo na kuacha asidi nyingi. Seli hutoa asidi hiyo nje kwa kupokea sodiamu, na pampu ambazo kwa kawaida huitoa sodiamu hazina tena nguvu ya kutosha. Sodiamu hujaa. Ili kuipunguza, seli huibadilisha kwa kalsiamu. Sasa kalsiamu nayo hujaa, na katika msuli wa moyo kalsiamu ndiyo amri ya kukaza.

Jambo la ajabu ni kwamba asidi ile, ambayo ni dalili ya shida, kwa muda huwa pia breki. Huzuia msuli usikaze kupita kiasi, na huzuia matundu fulani yasifunguke katika mitokondria, yale majiko madogo ya seli.

Kisha mshipa unafunguliwa. Katika dakika chache za kwanza mambo matatu hutokea karibu kwa pamoja. Kwanza, oksijeni huyafikia majiko yale yakiwa yamerundikana mabaki ya kemikali ambayo hayakuungua. Huungua ghafla, na kutoa chembe kali za oksijeni zinazoharibu utando wa seli na protini zake. Pili, damu mpya huosha asidi iliyo nje ya seli. Seli huharakisha kutoa asidi yake, huingiza sodiamu zaidi, na nyuma yake kalsiamu zaidi. Kwa kuwa nishati imeanza kurudi, msuli huitii amri ya kalsiamu: hukaza kwa nguvu, haulegei, na baadhi ya seli hupasuka. Tatu, breki ya asidi ikiisha kuondoka, matundu ya mitokondria hufunguka, majiko huvimba na kuzimika. Seli iliyokuwa ingali hai mshipa ulipofunguliwa hufa. Baadaye chembe nyeupe za damu hufika kusafisha, nazo huongeza uvimbe.

Sura nne

Madhara haya hujionyesha kwa sura nne. Ya kwanza ni mapigo kuvurugika damu inapopita tena. Mara nyingi hupita yenyewe, lakini mengine ni ya hatari, ndiyo maana mgonjwa huunganishwa na mashine ya kufuatilia mapigo na kifaa cha kuushtua moyo kwa umeme huwekwa karibu.

Ya pili ni msuli ulio hai usiofanya kazi. Mwaka 1982 Braunwald na Kloner waliuita, kwa lugha yao, moyo uliopigwa na butwaa. Msuli haujafa, kwa siku au majuma kadhaa huwa mlegevu, kisha nguvu zake hurudi.

Ya tatu ni mshipa mkubwa kuwa wazi huku mishipa midogo kabisa ikiwa imeziba. Kloner na wenzake waliieleza hali hiyo katika mioyo ya mbwa mwaka 1974. Barabara kuu imefunguliwa, lakini vichochoro vimejaa uvimbe, chembe za damu na vipande vya bonge. Daktari anaona kwenye picha kwamba kizuizi kimetoka, ila nyama iliyokusudiwa haipati chakula.

Ya nne ndiyo nzito zaidi: kifo cha kudumu cha seli ambazo zingeweza kuishi. Kwa muda mrefu watafiti walibishana juu yake. Baadhi walisema seli hizo zilikwisha kuhukumiwa kufa, na damu iliyorudi ilionyesha tu kifo kilichokuwa kimeingia. Jibu lenye nguvu lilipatikana mwaka 2003. Zhao, Vinten-Johansen na wenzao waliifunga mishipa ya mioyo ya mbwa kwa muda uleule, ila katika kundi moja waliirudisha damu kwa vipande: sekunde 30 wazi, sekunde 30 imefungwa, mara tatu, kisha wazi kabisa. Kovu la kundi hilo lilikuwa dogo zaidi kwa kiasi kikubwa. Muda wa kukosa damu ulikuwa sawa; kilichobadilika ni namna ya kurudi tu. Kwa hiyo sehemu ya uharibifu ilitokana na kurudi kwenyewe. Kwa wanyama, watafiti wamekadiria kwamba sehemu hiyo inaweza kufikia nusu ya kovu lote.

Tiba zilizojaribiwa

Matumaini yalianza mapema zaidi. Mwaka 1986 Murry, Jennings na Reimer waliinyima mioyo ya mbwa damu kwa vipindi vinne vya dakika tano, wakiipumzisha kati ya kipindi na kipindi, kabla ya kuufunga mshipa kwa dakika 40. Kovu lilikuwa karibu robo tu ya lile la mbwa ambao hawakuandaliwa. Moyo uliozoeshwa shida ndogo ulistahimili shida kubwa. Lakini hakuna daktari anayejua saa ambayo mshipa wa mtu utaziba. Ndiyo maana jaribio la 2003 lilisisimua: mgonjwa akiwa mezani tayari, unaweza kuchagua namna ya kumrudishia damu.

Mwaka 2005 timu ya Lyon, Ufaransa, ilijaribu jambo hilo kwa wagonjwa 30, kwa kujaza na kutoa hewa katika puto dogo ndani ya mshipa. Alama za uharibifu katika damu zilipungua. Mwaka 2008 watafiti wa Ufaransa walijaribu siklosporini, dawa inayoyazuia matundu ya mitokondria yasifunguke, kwa wagonjwa 58. Hapo pia matokeo yalivutia.

Kisha vikaja vipimo vikubwa. Mwaka 2015 siklosporini ilipimwa kwa wagonjwa 970 wa Ufaransa, Ubelgiji na Hispania: haikuwapunguzia vifo wala moyo kushindwa kazi. Mwaka 2017, nchini Denmark, njia ya kufungua na kufunga ilipimwa kwa wagonjwa zaidi ya 1,200: haikuleta nafuu iliyothibitika. Mwaka 2019 ikapimwa njia ya kufunga na kufungua mkanda wa kupimia shinikizo kwenye mkono, ili mkono uutahadharishe moyo. Wagonjwa walikuwa 5,401 katika Uingereza, Denmark, Hispania na Serbia. Hakuna tofauti iliyoonekana.

Hata oksijeni, ambayo kila mtu angedhani ni dawa ya kwanza ya nyama iliyokosa oksijeni, ilipimwa Sweden kwa wagonjwa 6,629, na matokeo yakatoka mwaka 2017. Waliokuwa na oksijeni ya kutosha katika damu hawakufaidika kwa kupewa nyongeza.

Kwa nini kinachofaa kwa mbwa hakikufaa kwa mtu? Watafiti hutaja sababu kadhaa. Mbwa wa maabara ni kijana mwenye afya; mgonjwa ni mzee, mara nyingi ana kisukari, na ameshakunywa dawa nyingine zinazogusa njia hizohizo. Mshipa wa mbwa hufungwa kwa dakika zinazohesabiwa. Wa mgonjwa huziba kwa saa zisizojulikana. Tena tiba ya sasa yenyewe imeshapunguza vifo sana, hata nafasi ya dawa mpya kuonyesha nguvu yake imekuwa ndogo.

Tiba iliyothibitika

Basi hadi sasa hakuna dawa iliyothibitika ya kuzuia madhara haya kwa mtu. Kinachobaki ni kupunguza muda wa kukosa damu, kwa sababu kadiri muda ulivyo mfupi, ndivyo seli zinavyokuwa na asidi kidogo, kalsiamu kidogo na mabaki kidogo ya kuungua damu inaporudi.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni puto: daktari hupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono au wa paja hadi moyoni, huitanua sehemu iliyoziba, na huacha humo kijineli cha waya kiitwacho stenti. Andreas Grüntzig alikuwa wa kwanza kuupanua mshipa wa moyo wa mgonjwa kwa puto, mjini Zürich mwaka 1977. Njia ya pili ni dawa ya kuyeyusha bonge, ambayo hudungwa kwenye mshipa wa mkono. Mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya unasema: ikiwa mshipa unaweza kufunguliwa kwa puto ndani ya dakika 120 baada ya ugonjwa kutambuliwa, puto litangulie. Ikiwa haiwezekani, na maumivu hayajapita saa 12, dawa ya kuyeyusha itolewe upesi, ndani ya dakika 10, mradi mgonjwa hana hatari kubwa ya kutokwa na damu. Mgonjwa wa Pweto hawezi kufika Lubumbashi kwa dakika 120. Kwake na kwa wengi wa bara letu, hiyo njia ya pili ndiyo ya maana zaidi.

Tena si njia ya kudharauliwa. Mwaka 1988 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 17,187. Kati ya waliopewa aspirini pamoja na streptokinasi, dawa ya kuyeyusha bonge, 8 kwa kila 100 walikufa kwa ugonjwa wa moyo na mishipa ndani ya majuma matano. Kati ya wasiopewa hata moja, walikuwa 13. Naomba msomaji azitazame namba hizi kwa makini. Wale 8 wamehesabiwa pamoja na kila mtu aliyedhurika damu iliporudi. Hasara ya kurudi imo tayari ndani ya hesabu, na bado kurudi kunashinda kwa mbali.

Tuliite nini?

Sasa nirudi kwenye uwanja wetu. Nilipokuwa nikijaribu tafsiri, nilimsomea mwenzangu wa bweni sentensi hii: «Damu inayorudi huharibu moyo.» Aliniuliza palepale: «Basi wanairudisha ya nini?» Sentensi haina kosa la sarufi. Kosa lake ni kuifanya damu kuwa mtenda, tena mtenda mbaya. Anayeisikia akiwa na baba yake mgonjwa anaweza kusema: tungoje kwanza.

Hapo ndipo mfano wa umeme unapofika mpaka wake. Friji iliyochomolewa inaweza kungoja hadi jioni bila kuharibika yenyewe. Moyo haungoji. Kila dakika ya kungoja ni wimbi linalosonga mbele, na ndiyo inayoongeza ukali wa kurudi. Atakayeutumia mfano huo mbele ya wagonjwa lazima aumalizie hivyo, la sivyo utafundisha kinyume cha tulichokusudia.

Kwa bahati lugha yetu inatupa chombo. Mnyambuliko wa -ik- huturuhusu kutaja lililompata mtendwa bila kumtafuta mtenda: kikombe kimevunjika, mlango umefungika, moyo umedhurika. Napendekeza basi tuseme «kudhurika kwa moyo damu inaporudi». Kiambishi -po- kinataja wakati, hakimtaji mwenye kosa. Kinasema lini, hakisemi nani. Kwa ile sura ya pili tunalo neno tayari: ganzi. Mguu uliokufa ganzi haujafa, na kila mwenye Kiswahili anajua kwamba utarudi. «Moyo kufa ganzi» unamweleza mgonjwa kwa maneno matatu kwa nini moyo wake ni mlegevu leo na bado kuna tumaini. Ila katika maandishi ya kitaalamu tuandike «ganzi ya moyo», ili kitenzi kufa kibaki kwa seli zilizokufa kweli.

Kuhusu ugonjwa wenyewe, nina wasiwasi na jina «mshtuko wa moyo» ambalo vyombo vya habari hulitumia. Mshtuko huletwa na habari mbaya au na mtu. Familia inayolisikia huanza kuuliza ni nani aliyemshtua, na saa hupita. «Kuziba kwa mshipa wa moyo» ni refu zaidi, lakini linaonyesha kazi ya kufanya: kilichoziba huzibuliwa. Tukumbuke pia kwamba mgonjwa mwenyewe hatatumia jina lolote kati ya haya. Atasema kifua kinambana, mkono au taya linamuuma, au ataonyesha chembe cha moyo, naye jirani atamletea dawa ya tumbo. Mtu mzima aliyebanwa kifua kwa zaidi ya dakika chache, hasa akitokwa jasho na kukosa pumzi, apelekwe kwa munganga sasa hivi.

Wenzangu wa isimu na wahadhiri wetu wanaweza kuwa na majina bora kuliko haya, nami nitayapokea kwa furaha. Naomba tu kila jina tulipime kwa mzani mmoja kabla ya kuliingiza katika kamusi: mtu akilisikia usiku, baba yake akiwa ameshika kifua, litamfanya akimbilie hospitali, au litamfanya angoje asubuhi?